Ukienda Silverton kuona migodi ya zamani

Nenda Julai au Agosti. Mapema kuliko hapo theluji huziba njia za juu. Silverton, kaunti ya San Juan, Colorado, uko mita 2,840 juu ya bahari, kwa hiyo siku ya kwanza tembea polepole na unywe maji. Mke wangu alipuuza, kichwa kikamuuma usiku kucha.

Kesho yake anzia kinu cha Mayflower, kilichojengwa 1929 kusaga mawe ya madini, kikafungwa 1991. Usiharakishe. Inua macho: ndoo za chuma zilizoleta mawe kutoka mgodini zingali zinaning'inia kwenye waya, zimeshika kutu. Mimi hapo husimama sana, nikiwawaza waliozijaza.

Halafu panda Animas Forks, mji wa wachimbaji uliohamwa. Nyumba za mbao ingia, ila hata msumari usiokote.