Kuziishi Siku Hamsini za Pasaka Nyumbani: Mwongozo kwa Familia za Goma

Wakati wa Kwaresima, Wakristo wengi wa mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hujibana kweli: hufunga, huenda kwenye Njia ya Msalaba kila Ijumaa, na watoto hukumbushana nani ameacha sukari. Kisha Pasaka inafika, nyama inaliwa, na Jumatatu mambo yote yamekwisha. Hapo ndipo hesabu yetu inapopotoka, kwa maana Kwaresima ni siku 40, lakini kipindi cha Pasaka kinachofikia kilele siku ya Pentekoste ni siku 50. Kanisa limeipa furaha muda mrefu kuliko toba, na mwaka 325 Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza kwamba katika siku hizo watu wasali wakiwa wamesimama, si kwa kupiga magoti. Mwongozo huu unaeleza jinsi familia inavyoweza kuzitumia siku hizo na sikukuu zinazozifuata, bila gharama kubwa.

Anza na kalenda ya ukutani, kwa sababu sikukuu hizi huhama kila mwaka pamoja na Pasaka. Katika mwaka 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili, Kupaa kwa Bwana ni Alhamisi tarehe 14 Mei, Pentekoste ni tarehe 24 Mei, na Jumapili ya Utatu Mtakatifu ni tarehe 31 Mei. Zizungushie duara kwa kalamu nyekundu, kisha sikiliza matangazo ya parokia yako, kwa kuwa mahali pengi Kupaa kwa Bwana huadhimishwa Jumapili inayofuata.

Katika juma la kwanza, weka mezani mshumaa mliotoka nao kwenye Mkesha wa Pasaka na muuwashe kila jioni kabla ya kula. Umeme ukikatika, msiuchukue kwenda kutafutia viatu; tafuteni tochi. Anayesali sala ya Malaika wa Bwana aibadilishe kwa sala ya Malkia wa Mbingu mpaka Pentekoste.

Jumapili ya pili ya Pasaka ni ya Huruma ya Mungu, jina ambalo Papa Yohane Paulo II aliipa mwaka 2000. Mwenye kiduka ana njia ya wazi ya kuiadhimisha: afungue daftari la madeni, atafute jina la mtu mmoja ambaye hakika hana uwezo wa kulipa, alifute, kisha amjulishe mtu huyo peke yake. Jambo hili lisitangazwe kwenye mkutano wa shirika. Asiye na kiduka naye hakosi mtu mwenye deni lake, hata kama ni mwenzake wa likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, aliyechelewesha mchango.

Sikukuu inayotupa shida zaidi ni Kupaa kwa Bwana, maana Alhamisi hiyo si siku ya mapumziko katika nchi yetu: soko la Virunga limefunguliwa, chukudu, baiskeli zetu za mbao, zinashuka na makala ya kupikia, na mwalimu ana kipindi saa mbili asubuhi. Wengine huona kwamba sikukuu imewapita. Mimi naona kwamba siku ya kazi inaifaa sana, kwa kuwa katika Matendo ya Mitume malaika waliwauliza mitume kwa nini wanasimama wakitazama mbinguni, na mitume wakarudi Yerusalemu walikokuwa wameagizwa kungoja. Kwa hiyo, kama huwezi kufika misani, soma mistari 11 ya kwanza ya kitabu hicho kabla ya kutoka nyumbani, kisha uchague kazi moja uliyokuwa ukiiahirisha, uimalize siku hiyo hiyo.

Kuanzia kesho yake zinahesabika siku tisa za kumngoja Roho Mtakatifu, na humo ndimo ilimo asili ya novena, yaani sala ya siku tisa. Nawashauri muifanye fupi. Mwaka mmoja nyumbani kwetu tulipanga rozari nzima kila usiku, na siku ya nne tulibaki watu wawili, mmoja wao akiwa amelala. Sala moja, wimbo mmoja na jina la mtu mmoja wa kuombewa vinatosha, mradi kila jioni aongoze mtu tofauti, akiwemo mtoto asiyejua kusoma.

Pentekoste yenyewe ilizaliwa katika sikukuu ya Wayahudi ya mavuno, na jina lake la Kigiriki lina maana ya hamsini. Siku hiyo kila msikilizaji alisikia habari kwa lugha yake mwenyewe, na sijui mji unaolihitaji somo hilo kuliko wetu, ambamo Kihunde, Kinande, Kishi na Kinyarwanda hukutana katika kichochoro kimoja, na lafudhi ya mtu huweza kuwa sababu ya kumshuku. Siku hiyo, salini Baba Yetu kwa lugha ya bibi, hata mkikosea maneno, kisha mwende kwa jirani wa kabila jingine mkajifunze salamu ya kwao. Wengi wetu pia hatuisahau Pentekoste ya mwaka 2021: volkano ya Nyiragongo ililipuka Jumamosi tarehe 22 Mei, usiku wa kuamkia sikukuu, na siku chache baadaye watu waliamriwa kuhama, wengine wakaelekea mji jirani wa Sake. Kama kuna familia iliyowapokea wakati huo, wapigieni simu siku ya Pentekoste.

Jumapili inayofuata ni ya Utatu Mtakatifu, ambayo wahubiri wengi huijaza hesabu za moja na tatu. Sisi wa Goma tuna njia fupi zaidi. Jumapili hiyo ya mwaka 2025, tarehe 15 Juni, Floribert Bwana Chui, kijana wa mji huu, alitangazwa mwenyeheri, hatua ya kabla ya kutangazwa mtakatifu, mjini Roma. Alikuwa mtumishi wa serikali katika ukaguzi wa bidhaa, alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, na akauawa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Simulieni habari zake mezani, kisha kila mtu mzima ataje mbele ya watoto mahali anapojaribiwa kazini: mizani, risiti, alama za mtihani, muhuri. Ukimya utakaofuata hauna budi kuvumiliwa.

Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, iliyoenezwa katika Kanisa la Roma na Papa Urbano IV mwaka 1264, ina maandamano yake. Mkiwa kwenye njia yake, fagieni mbele ya lango, na siku hiyo pasiwe na mtu wa nyumbani anayekula peke yake jikoni, hasa msichana wa kazi. Waprotestanti wengi hawana sikukuu hiyo, lakini meza ya namna hiyo haiwakatazi.

Ijumaa ya juma linalofuata ni ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambayo mwaka 2026 ni tarehe 12 Juni. Mshumaa wa Mkesha ukiwa bado na kipande, uwasheni jioni hiyo kwa mara ya mwisho, na mtu aliyemkosea mwenzake nyumbani amwombe radhi kabla haujaisha.