Jinsi ya kupima stadi za kazi kwa wanafunzi wa TEHAMA chuoni

Mwenzangu anayefundisha mitandao ya kompyuta aliniomba tuandae pamoja mtihani wa vitendo. Wanafunzi wake hufaulu maswali ya kuchagua, lakini wakienda mafunzo kazini wanakwama mbele ya mteja. Tulifuata hatua hizi.

1. Chagua stadi tatu, basi. Sisi tulichukua kutafuta chanzo cha hitilafu, kuzungumza na mteja na kuandika taarifa ya kazi.

2. Tengeneza hitilafu. Weka anwani isiyo sahihi ya DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) kwenye kompyuta ya mtihani, na malalamiko ya mteja yawe mafupi: "Intaneti haifanyi kazi." Mwanafunzi makini atauliza ilianza lini na kama wengine ofisini wanaipata. Kisha ataping 8.8.8.8, yaani atatuma ujumbe mfupi wa kupima njia kwenda seva ya Google yenye namba hiyo, na kuona majibu yanarudi, ilhali tovuti haifunguki kwa jina lake. Hapo ameshajua njia ni nzima na hitilafu iko kwenye DNS.

3. Andika vigezo. Muda mwingi huishia hapa, na usipaharakishe. "Anawasiliana vizuri" kila msahihishaji atalisoma kivyake. Andika kitendo kinachoonekana: "Ameuliza angalau maswali mawili kabla ya kugusa kibodi", "Amehakikisha na mteja kuwa huduma imerudi."

Usimpe alama zote aliyemaliza tu. Anayezima na kuwasha kila kitu mpaka kikubali amebahatisha, na kazini hitilafu ileile itamrudia. Mpole naye asiumie: hesabu alichouliza, ufasaha uuache. Aliyeshindwa kutatua lakini akaandika yote aliyojaribu, fundi wa zamu inayofuata aendelee bila kuanza upya, anastahili alama nzuri.

Kisha wasahihishaji wawili watazame video za wanafunzi kadhaa, kila mmoja peke yake, halafu mlinganishe kigezo kwa kigezo. Asilimia ya kukubaliana hudanganya, maana watu wawili hulingana hata kwa kubahatisha. Mimi hutumia kappa, kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, ambacho huondoa bahati hiyo. Kigezo mnachotofautiana kiandikeni upya. Msigawane alama katikati.

4. Endesha mtihani. Dakika 30 zinatosha.

5. Mrudishie mwanafunzi karatasi ya vigezo siku hiyohiyo, angali anakumbuka alichofanya. Jaza kwa mkono. Programu za kusahihisha nazikataa kabisa kwa mtihani huu: zinaona tovuti imefunguka, hazimwoni mteja aliyeachwa bila maelezo.