Kilele cha kweli au gama imegonga ukuta ikarudi? Jinsi ya kujua

Ukianza kupima mionzi ya gama na detekta ndogo ya kristali ya iodidi ya sodiamu, zile za kuchomeka kwa laptopu, kitu cha kwanza kitakupoteza ni hichi. Unajua seziamu 137 inatoa gama ya keV 662 (keV ni kipimo cha nishati), basi unangoja kilele kimoja pale, alafu grafu inakuletea mlima mpana huku chini, bonde, uvimbe mwengine karibu na 184, ndo mwisho kilele chenyewe kinatokea. Mimi wiki nzima nilikua naamini ndani ya sampuli kuna kitu chengine kimejificha kwa ule uvimbe. Kumbe meza yangu hapa Kisauni nimeibana na ukuta, na ule uvimbe ni gama zilizotoka upande wa pili wa sampuli zikagonga ukuta zikarudi kwa detekta zimechoka.

Ukicheza keram barazani hii utaielewa upesi. Straika ikiiparuza kete pembeni inaendelea na mbio zake karibu zote, ukiipiga katikati kabisa kete ndo inaondoka na nguvu. Fotoni (punje moja ya gama au eksirei) na elektroni ni vivo hivo, Arthur Compton alilionyesha hili 1923 kwa kupiga eksirei kwenye grafiti akapata Nobel 1927. Sasa kama fotoni imegonga elektroni ndani ya kristali alafu ikatoroka nje, detekta inahesabu ile nguvu iliyoachwa tu, hailetewi iliyobaki, na hapo ndo ule mlima mpana unapotoka. Kilele ni zile fotoni zilizoacha kila kitu ndani.

Kwa hivo kabla hujataja jina la kitu chochote, piga hesabu hii, kikokotoo cha simu kinatosha. Chukua nishati ya gama, zidisha mara mbili, gawanya kwa 511, ongeza moja, alafu ile nishati ya mwanzo igawanye kwa hiyo namba. Kwa 662 unapata 184, hiyo ndo fotoni iliyogonga ikarudi nyuma moja kwa moja. Toa 184 kwa 662 unabaki na 478 hivi, na mlima lazima ukatike pale. Potasiamu 40, ambayo iko kila mahali mpaka kwa zege ya nyumba, kilele chake ni 1461, inayorudi ni kama 218 na mlima unakatika 1243. Ona kwamba hata gama iwe kali vipi inayorudi nyuma moja kwa moja haivuki 256. Uvimbe mpana kati ya 180 na 256 utilie shaka kwanza.

Alafu thibitisha kwa mkono. Itoe detekta ukutani uiweke katikati ya chumba, hata juu ya stuli ya mbao, pima tena dakika zile zile na sampuli iwe umbali ule ule. Uvimbe ukishuka na kilele kikabaki palepale, jibu umelipata. Mimi nilisogeza mita moja na nusu tu nikaona unazama kwa macho yangu.

Seziamu ya kujaribia usiisake mtaani tafadhali, itumie kwenye maabara yenye kibali. Nyumbani tafuta kile kijifuko cha nyuzi cha karabai za zamani, za wavuvi wa dagaa usiku, vingi vilikua na thoriamu (vipya vingi havina). Kitie kwa plastiki ukifunge vizuri, usikiwashe wala usikivunje, vumbi lake halifai kabisa kuingia kifuani. Utaona vilele vya 239, 583, 911, na ukiwa na subira 2614.

Wengi wanakimbilia risasi wajenge boksi la kuzuia gama za nje. Sawa, lakini usiyeyushe chubwi za nyavu jikoni, ule moshi ni sumu, na risasi yenyewe ikipigwa na gama inatoa eksirei zake karibu na keV 75, unajikuta umejitengenezea kilele kipya. Weka bati (ile metali ya tin, si mabati ya paa) kisha shaba upande wa ndani, na boksi liwe na nafasi, likibana sana gama zinagonga kuta zake na zinakurudia.

Kwa eksirei za hospitali mambo yanageuka. Fotoni ya keV 60 hata ikirudi nyuma kabisa inabaki na kama 49, haijapoteza kitu cha maana, kwa hivo huwezi kuikamata kwa nishati, inabidi uikamate kwa njia iliyokuja nayo. Ndo maana hospitali wanaweka wavu wa vipande vyembamba vya risasi mbele ya filamu, inayokuja kimshazari inazuiwa, bila hivo picha ya mtu mnene inakua ukungu mtupu.

Kamera ya gama, ile ya hospitali inayopiga picha ya dawa yenye mionzi iliyotiwa mwilini, iko katikati ya hayo mawili. Teknishiamu 99m ni keV 140, na dirisha (nishati ambazo kamera inakubali kuzihesabu) la kawaida la asilimia 20 ni kutoka 126 mpaka 154, sasa fotoni iliyopinda nyuzi 45 mwilini inafika na kama 130, imeingia dirishani kama ya halali. Dawa yake ni kufungua dirisha jengine jembamba chini ya lile la kwanza, uhesabu zinazoingia huko, ukadirie kutoka hapo ni ngapi zimejipenyeza juu, uzitoe.