Kusaka treni za Lionel kwenye gulio la York, hatua kwa hatua

Mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, mji wa York huko Pennsylvania hujaa watu waliokumbatia maboksi ya rangi ya chungwa na bluu, rangi za Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea. Ni gulio la treni za mfano la tawi la mashariki la Train Collectors Association, chama cha wakusanyaji kilichoanzishwa mwaka 1954. Mimi huzingoja siku hizo kama mtoto anavyongoja nguo za sikukuu. Ukitaka kwenda, fuata njia yangu.

1. Jua unachosaka. Kumbi ni nyingi na zimepewa majina ya rangi. Ukiingia bila orodha utarudi na mzigo usioutaka. Anza na Lionel za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yaani 1945 hadi 1969, zinazotembea juu ya reli tatu. Zilitengenezwa kwa wingi na vipuri vyake bado vinapatikana. Namba ya behewa mara nyingi huwa ubavuni, kwa hiyo andika namba. Mimi husaka mabehewa ya mizigo ya namba 6464 yaliyoanza kutoka mwaka 1953. La kwanza, lenye jina la kampuni ya reli ya Western Pacific, ni la rangi ya fedha na maandishi ya bluu. Ukikuta lenye maandishi mekundu, shika meza: ni adimu mno.

2. Beba tochi ndogo, kibanio cha karatasi cha chuma, kitambaa laini na noti ndogondogo.

3. Zunguka mara moja bila kununua, kisha piga magoti. Vinavyometameta vimepangwa juu ya meza, na bei yake inajulikana. Utamu uko chini, kwenye makatoni yenye mabehewa yasiyo na magurudumu, reli zenye kutu na vitu vilivyofungwa kwa magazeti ya zamani. Aliyewahi kupekua bale la mitumba anaijua raha hii: mkono unatangulia, jicho linafuata. Omba ruhusa kwanza, na kila ulichokifungua kifunge kama ulivyokikuta.

4. Geuza kila kitu kabla ya kuuliza bei. Hapa usiwe na haraka. Kwenye kichwa cha treni, tazama vigurudumu vya chini vinavyochukua umeme kutoka reli ya kati: vikiwa na mfuo mzito, kimetembea sana. Skrubu zilizochubuka midomo zinakwambia kimeshafunguliwa. Vichwa vingi vya kuanzia 1950 vina sumaku za kushika reli, kwa hiyo gusisha kibanio kwenye magurudumu uone kama kinanata.

Ukivutiwa na treni za kabla ya vita, kagua sehemu za zinki iliyomiminwa. Zinki iliyochanganyika na uchafu kama risasi huvimba, hupasuka, mwisho humomonyoka kama biskuti. Ugonjwa huo hauna dawa. Ukiona nyufa nyembamba kama utando wa buibui, rudisha mezani.

5. Chunguza rangi. Mwaka 1957 Lionel ilitoa treni ya wasichana yenye kichwa cha waridi. Wakati ule haikununuliwa sana. Leo inasakwa kwa udi na uvumba, na ndiyo maana wapo wanaopaka waridi vichwa vya kawaida. Mulika tochi ndani ya ganda la kichwa: aliyepaka upya huacha vumbi la rangi kwenye kona, na mikwaruzo ya zamani huonekana ikiwa imelala chini ya rangi mpya. Namba ya kwenye boksi nayo ilingane na ya behewa. Niliwahi kufurahia boksi safi, nikafika nyumbani nikakuta namba mbili tofauti.

6. Uliza waziwazi, kisha patana. Wakusanyaji hupima hali kutoka C-1, mbovu kabisa, hadi C-10, kama mpya, lakini usitosheke na namba hiyo. Uliza: imepakwa upya? Kipuri gani si cha asili? Muuzaji mwema atakuonyesha mwenyewe kwa kidole. Omba kijaribiwe kwenye reli. Siku ya mwisho mchana, wengi hawataki kufungasha tena. Chukua vitu viwili, omba bei moja.

7. Nyumbani, usichomeke transfoma kuukuu kabla ya kuipinda waya taratibu. Ngozi ya waya ikipasuka, waya ubadilishwe kwanza. Safisha magurudumu kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta kwenye kila ekseli, kisha ongeza umeme polepole. Kichwa kitatetemeka, kitasita, halafu kitaanza kujongea, na chumba kitanukia mafuta ya moto. Kiache kizunguke peke yake dakika chache kabla ya kukifungia mabehewa.