Jinsi ya kuomba ruhusa ya kuwinda kwenye shamba la mtu, Lindi na Mtwara

Leseni ya kuwinda haikupi shamba la mtu. Wapo wenye karatasi zote halali wanaoingia kwenye mikorosho ya watu Masasi au Nachingwea kama vile ni pori lisilo na mwenyewe, kisha wanashangaa kijiji kizima kikiwazuia.

Anzia wilayani kwa afisa wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda bila leseni. Muulize kama msimu umefunguliwa na ni maeneo gani yanaruhusiwa. Msanjesi, Lukwika-Lumesule na Selous ni mapori ya akiba na yana utaratibu wake. Beba kitambulisho cha NIDA na leseni ya silaha. Ada inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Ukiambiwa utume kwenye simu ya mtu, aga uondoke.

Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji, akuelekeze shamba ni la nani. Hapa usiharakishe. Kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, ardhi nyingi ya ukoo imefuata upande wa mama, hivyo unayemkuta analima huenda siye mwenye kauli. Pengine ni mjomba wa huyo anayelima, au mkewe. Uliza kwa adabu, kisha piga hodi jioni, watu wakiwa wamerudi shamba. Baada ya salamu, toa barua fupi:

"Mimi ……, mwenye leseni Na. ……, naomba kuingia shambani kwako, kitongoji cha ……, tarehe ……, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Tutakuwa watu wawili na bunduki moja. Gari litabaki barabarani."

Andika nakala mbili, mwenye shamba asaini na mtendaji agonge muhuri. Mwenye shamba akikataa, mshukuru. Usirudi kesho yake na mtu mkubwa wa kumshinikiza.

Kuanzia Oktoba kuna jambo zito zaidi. Nguruwe pori hufuata mabibo yaliyodondoka, na chini ya mikorosho hiyohiyo wamo kina mama na watoto wameinama wanaokota korosho, hawaonekani kwa mbali. Muulize mwenye shamba siku hiyo wanaokota upande gani, na huko usiende kabisa, hata ukiona nyayo mbichi.

Mnyama aliyejeruhiwa akivuka mpaka, simama, mtafute jirani umweleze kabla ya kumfuata. Ukipata nguruwe, usimpitishe uani kwa Mwislamu wala kumwoshea kisimani kwao. Mzungushe kwa nje, hata kama njia ni ndefu.

Ukimaliza, mwonyeshe mtendaji ulichopata pamoja na leseni. Nyama ni nyara ya Serikali kama huna karatasi zake, kwa hiyo kabla ya kumwachia mwenye shamba paja la shukrani, hakikisha afisa wanyamapori ameridhia kwa maandishi.