SOMO: Kufunga dakti na nyaya za kiyoyozi cha darini kwa nyumba za Pwani

Wakuu, salaam. Viyoyozi vya darini vimeshika kasi: mashine inalala juu ya jipsamu, hewa inapita kwenye dakti (mfereji wa hewa) hadi kila chumba, na unachokiona ni tundu la hewa tu. Vinapendeza, lakini kazi yote inafunikwa. Ikifunikwa na kasoro, utaijua siku doa la maji linapotokea kwenye dari au breka inapoanza kukata usiku. Ndiyo maana nasisitiza: fundi jipsamu asifunge hata bodi moja kabla dakti na umeme havijakaguliwa na mashine haijawashwa ikapoza.

Kazi ya umeme, pamoja na kuunganisha kwenye DB (boksi la breka), ni ya fundi umeme mwenye leseni. Tanzania Bara leseni hiyo inatolewa na EWURA, Kenya ni EPRA. Mengine unaweza kuyafanya mwenyewe au kuyasimamia.

HATUA YA 1: Zima, piga kufuli, pima

Zima swichi kuu na uipige kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Nyumba ikiwa na mafundi rangi, mafundi bomba na watoto, karatasi ya "usiwashe" haitoshi. Kisha pima kwa mita. Tesita ya bisibisi yenye taa ndogo usiitegemee, inaweza kukaa kimya na umeme upo. Ijaribu mita kwanza mahali unapojua umeme upo, pima waya unaotaka kuugusa: laini (waya wenye moto) kwa nyutro (waya wa kurudisha umeme), laini kwa ethi (waya wa kinga unaokwenda ardhini), nyutro kwa ethi; halafu uijaribu tena pale pa mwanzo uhakikishe haikufa katikati ya kazi.

Angalia na rangi. Nyumba za zamani laini ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Mfumo mpya laini ni kahawia na nyutro ni buluu, na kwenye fezi tatu za mfumo huo nyeusi ni fezi, ina moto. Aliyezoea nyumba za zamani akiishika akidhani ni nyutro, anaweza kufa. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara nyingi ina mifumo yote miwili, kwa hiyo pima hata rangi unayoiamini.

HATUA YA 2: Dakti

Miezi ya joto, hewa ya Dar es Salaam au Mombasa ina unyevu mwingi kiasi kwamba hugeuka maji ikigusa kitu chenye nyuzi 24 hivi. Hewa inayotoka kwenye mashine ina nyuzi 12 hadi 15. Popote baridi hiyo inapovuja, au pamba ya kuzuia joto inapominywa, dakti itatoa jasho.

Dakti inayopindika ivute hadi inyooke kabisa, kipande kinachozidi ukikate. Ikibaki na makunyanzi, hewa inakwama na chumba cha mwisho hakipoi. Ining'inize kwa mikanda yenye upana usiopungua sentimita 4, kila baada ya mita 1.2 hadi 1.5. Waya wa kufungia nondo usiutumie, unaikata pamba. Kwenye kona ipinde kwa bega pana, isivunjike.

Kwenye kiungo, valisha mfereji wa ndani juu ya kola (shingo ya kuunganishia dakti) kwa sentimita 5 hivi, kaza kwa mkanda wa plastiki, ziba kwa mastiki (gundi nzito ya kuzibia) au tepu ya foili, kisha vuta pamba na koti la nje mpaka vifike mwisho, ufunge navyo. Tepu ya kitambaa ya kijivu gundi yake inakauka kwa joto la chini ya bati na kubanduka.

Bomba la kutolea maji ya mashine literemke angalau sentimita 1 kwa kila mita. Mimina jagi la maji kwenye trei uone yanatoka nje yote.

HATUA YA 3: Umeme

Nyaya zipite juu au kando ya dakti, ndani ya kondyuti (bomba la kulinda nyaya). Zisipite chini ya kiungo cha dakti, wala boksi la maungio lisikae hapo, kwa sababu jasho likidondoka litaangukia humo.

Kiyoyozi kiwe na sakiti yake kutoka DB. Mashine ya BTU 24,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa kawaida inakula ampea 10 hadi 12, na wengi huipa waya wa shaba wa milimita za mraba 4 na breka ya ampea 20. Hata hivyo fuata kibandiko cha mashine yako, na kumbuka waya mrefu unaopita kwenye dari lenye joto unabeba umeme kidogo zaidi. Breka ikikata, tafuta sababu. Kuweka kubwa zaidi ni kuuacha waya uungue kabla breka haijastuka.

Isoleta (swichi ya kukatia umeme) isiyoingiza maji ikae jirani na mashine ya nje. Ethi ifike kwenye mashine zote mbili, na sakiti ilindwe na RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Waya wa mawasiliano kati ya ndani na nje uandike namba pande zote mbili; ukibadilishana na laini, bodi inaungua papo hapo.

HATUA YA 4: Kabla ya kuwasha

Pima ethi kama haijakatika popote. Pima nyaya kwa mega (kifaa cha kupima kama ganda la nyaya linavujisha umeme) ya volti 500, mashine ikiwa haijaunganishwa. Usomaji usishuke chini ya megaomu 1. Kisha washa, iache ifanye kazi saa kadhaa, upitishe mkono kwenye kila kiungo cha dakti. Pakiwa na ubaridi au unyevu, rudia kuziba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Mkuu, fundi anataka kuchukua umeme kwenye soketi ya chumbani, anasema ni jirani. Ni sawa?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Sakiti hiyo tayari inabeba pasi, birika na friji. Mwambie avute waya mpya kutoka DB.

Swali (Mombasa): Dakti yangu inatoa jasho na dari limeshafungwa. Niongeze pamba juu?

Jibu: Zima breka kwanza, maji huenda yameshaingia kwenye maungio. Fungua dari, tafuta panapovuja, uzibe. Pamba iliyolowa itoe. Ukiifunika kwa nyingine inaoza humo ndani.

Swali (Arusha): Sisi tunataka joto mwezi wa Juni na Julai. Nyaya ni zilezile?

Jibu: Ikiwa mashine inapasha kwa kugeuza mzunguko wa gesi, ndiyo. Ikiwa na hita ya umeme ndani, hesabu upya: hita ya kilowati 3 peke yake inakula ampea 13. Hakikisha pia hita haiwaki feni ikiwa imesimama.

Swali (Zanzibar): Shikamoo fundi. Nikishazima breka, naweza kufungua kasha la nje hapohapo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Subiri. Kapasita (vihifadhi umeme vya ndani ya mashine) zinabaki na umeme wa kukuumiza hata breka ikiwa chini, na za mashine za inveta (zinazobadili kasi ya mota) ndizo kali zaidi. Soma dakika zilizoandikwa kwenye kasha, zikipita mwite fundi apime kwanza kwa mita.