Somo: Namna ya Kupima Uwezo wa Fremu ya Simu Yako Kuhimili Mikwaruzo

Katika maduka ya simu ya Kariakoo, muuzaji akishataja neno titani, mnunuzi huamini papo hapo kwamba simu hiyo haikwaruziki. Somo hili linapingana na imani hiyo kwa hoja moja: jicho halioni jina la chuma lililoandikwa kwenye boksi, bali huona tofauti ya rangi kati ya tabaka la juu na chuma kilicho chini yake. Ndiyo maana simu mbili zenye mikwaruzo ya kina kilekile zinaweza kutofautiana, moja ikaonekana mpya na nyingine ikaonekana kama imeburutwa kutoka Mbagala hadi Posta. Utahitaji tochi, kitambaa laini cha kufutia miwani, maji kidogo, na simu nyingine yenye kamera inayoweza kupiga picha kwa karibu sana.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba fremu ni ya chuma

Fremu ni ule ukingo unaoizunguka simu pembeni. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zina fremu ya plastiki iliyopakwa rangi yenye mng'ao wa chuma. Chuma huzuia mawimbi ya redio, hivyo fremu ya chuma halisi hukatwa na vipande vyembamba vya plastiki ili antena zifanye kazi. Fremu isiyo na mkato hata mmoja ni ya plastiki karibu kwa hakika, ingawa kuwepo kwa mistari si uthibitisho kamili, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huichora kwa kuigiza. Njia ya haraka ni kutafuta modeli yako kwenye tovuti ya GSMArena na kusoma kipengele kinachoeleza muundo wa mwili wa simu. Ikiwa ni plastiki, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2: Tambua tabaka lililo juu ya chuma

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Alumini ya simu karibu kila mara hupitishwa kwenye anodaizi: fremu huzamishwa katika asidi, aghalabu ya salfuriki, kisha umeme hupitishwa ili uso wa chuma chenyewe ugeuke kuwa oksidi ya alumini. Tabaka hilo huwa na vitundu vidogo mno vinavyofyonza rangi, na baada ya rangi kuingia, vitundu huzibwa, mara nyingi kwa maji ya moto. Tofauti na rangi ya kupaka, tabaka hili limeota kutoka kwenye chuma, kwa hiyo halibanduki kwa vipande vikubwa kama rangi ya ukutani. Hata hivyo ni jembamba: kwa kazi ya kawaida ya urembo huwa kati ya maikromita 5 na 25, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 70.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wa mageti hukiita stenlesi, hakipitishwi kwenye njia hiyo. Kikihitaji rangi hupewa tabaka la PVD, yaani mvuke wa kitu kigumu kama naitraidi ya titani unaotandazwa juu yake ndani ya ombwe. Tabaka la PVD lina unene wa maikromita chache tu, lakini ni gumu sana. Apple ilitumia fremu za chuma cha aina hii katika iPhone X ya mwaka 2017, na katika matoleo ya Pro ikaendelea nacho hadi iPhone 14 Pro. Mwaka 2023 iPhone 15 Pro ilihamia kwenye titani, na Samsung ikafuata mwanzoni mwa mwaka 2024 kwa Galaxy S24 Ultra.

Zaidi ya aina ya tabaka, angalia mng'ao. Uso unaong'aa kama kioo hukwaruzika sawa na mwenzake usiong'aa, ila huonyesha kila mstari kwa sababu mwanga huakisiwa upande mmoja na mkwaruzo huuvunja. Uso uliosuguliwa kwa mistari, au uliopigwa kwa chembe ndogo hadi ukapoteza mng'ao, huficha mikwaruzo midogo miongoni mwa mikwaruzo iliyowekwa makusudi kiwandani. Apple yenyewe, ilipotoa iPhone 7 ya rangi nyeusi inayong'aa mwaka 2016, iliwatahadharisha wanunuzi kwamba mng'ao huo unaweza kuonyesha michubuko midogo, na ikawashauri wanaojali jambo hilo watumie kava.

Hatua ya 3: Linganisha ugumu wa tabaka na adui wake halisi

Watu wengi hutumia kipimo cha Mohs, kilichobuniwa mwaka 1812 na mtaalamu wa madini Mjerumani Friedrich Mohs, ambacho huanzia talki kwenye 1 na kuishia almasi kwenye 10. Kipimo hicho hueleza tu nani anamkwaruza nani. Hakielezi kwa kiasi gani, wala hakikutungwa kwa ajili ya metali.

Kwa mizani ya Vickers, ambayo hupima namna uso unavyohimili ncha ya almasi inayokandamizwa, alumini ya kawaida ya viwandani iliyokazwa hufikia takriban 100, stenlesi isiyokazwa iko kati ya 150 na 200, na titani ya daraja la 5, yenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, hukaribia 350. Kwatsi, madini yaliyo mengi katika mchanga na vumbi la barabarani, huzidi 1000. Maana yake ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya vyuma hivyo vitatu, kikiwa kitupu, kinachoweza kuishinda chembe ya mchanga. Naitraidi ya titani hufikia 2000 na zaidi, na hiyo ndiyo nguvu ya PVD.

Utasikia pia ikidaiwa kwamba alumini ya anodaizi ina ugumu wa 9 kwa Mohs kwa sababu oksidi ya alumini ni korundi, jiwe la jamii ya yakuti. Madai hayo yanapotosha. Korundi ni fuwele iliyoshikamana, ilhali tabaka la anodaizi halina mpangilio wa fuwele na limejaa vitundu, na ugumu wake kwa kawaida hauzidi 500 hivi kwa Vickers. Linashinda sarafu na funguo nyingi za shaba, lakini halishindi mchanga. Isitoshe, tabaka gumu juu ya chuma laini ni kama ganda la yai la kuchemsha: ukilisugua kwa ukucha halidhuriki, ukilibonyeza kwa nguvu sehemu moja, cha ndani hubonyea na ganda hupasuka.

Hatua ya 4: Safisha kabla ya kutoa hukumu

Alama nyingi zinazoitwa mikwaruzo si mikwaruzo. Chuma laini kinaposuguana na tabaka gumu, hicho laini ndicho kinachoacha unga wake juu ya kigumu. Lowesha kitambaa kidogo, futa kwa upole upande mmoja bila kuzungusha, kisha mulika tochi kwa kuilaza karibu sambamba na fremu. Alama iliyofutika au kufifia ilikuwa masalia ya chuma kingine. Iliyobaki na yenye kivuli ndani yake ni mkwaruzo. Piga picha kwa karibu uone rangi ya ndani, kwa sababu ikiwa ni ya fedha kwenye simu nyeusi, basi tabaka limekwisha mahali hapo.

Usijaribu kwa wembe. Majaribio ya wembe unayoyaona kwenye chaneli ya YouTube ya JerryRigEverything yana faida ya kuonyesha rangi ya chuma cha chini, lakini mfuko wa suruali hauna mkono unaokandamiza wembe kwa nguvu zote.

Hatua ya 5: Kagua kingo, hasa unaponunua simu iliyotumika

Anza na tundu la chaji, kisha vitufe, kisha ukingo wa kamera. Tabaka la anodaizi huota likielekea nje ya uso, na kwenye kona kali pande mbili zinazoota huachana, likabaki eneo dhaifu lenye nyufa ndogo. iPhone 5 nyeusi ya mwaka 2012 ilijulikana kwa kubanduka rangi kwenye kingo zake zilizochongwa, na mwaka uliofuata 5s ikaja na kijivu badala ya weusi ule. Mwaka 2025 iPhone 17 Pro iliporudi kwenye alumini, malalamiko yalielekea palepale, kwenye kingo za jukwaa la kamera, yaani sehemu iliyoinuka inayobeba kamera. Kona ya mviringo hulinda rangi zaidi kuliko jina la chuma.

Hatua ya 6: Ondoa vumbi chini ya kava

Kava huzuia pigo, lakini hukusanya mchanga na kuusaga dhidi ya fremu kila simu inapotikisika ndani ya daladala. Ivue mara moja kwa wiki, isuuze, ikaushe kabisa, kisha uirudishe. Wakati wa kiangazi, kwa wakazi wa mitaa isiyo na lami, mara moja kwa wiki haitoshi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kigamboni: Shikamoo mwalimu. Simu yangu ya alumini imeota vidoa vyeupe karibu na tundu la chaji, na sijawahi kuiangusha. Je, hiyo nayo ni mikwaruzo?

Jibu: Marahaba. Hapana, huo ni ulikaji. Chumvi ya bahari na ya jasho huingia mahali ambapo tabaka lina ufa au limelika, kisha hushambulia chuma cha chini. Futa fremu kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi unaporudi kutoka ufukweni, na usiivishe kava ikiwa bado na unyevu. Vidoa vilivyokwishaingia havitoki, ila unaweza kuvizuia visienee.

Mwanachama wa Tabata: Fundi ameniambia nisugue fremu kwa dawa ya meno au dawa ya kung'arishia shaba. Je, ni sahihi?

Jibu: Inategemea tabaka. Stenlesi iliyong'arishwa na isiyo na rangi juu hung'arishika tena, mradi uzibe matundu na usiguse kioo. Kwenye alumini ya anodaizi na kwenye PVD, ndugu yangu, utakachokifanya ni kuondoa tabaka zaidi na kupanua doa. Hapo kaa na mkwaruzo wako.

Mwanachama wa Ubungo: Fremu yangu ya titani imebadilika rangi pale ninapoishika. Nimeuziwa feki?

Jibu: Si lazima. Apple imeeleza kwamba mafuta ya ngozi yanaweza kubadili mwonekano wa fremu ya titani kwa muda. Ifute kwa kitambaa laini chenye unyevunyevu. Rangi ikirudi, hakuna tatizo.

Mwanachama wa Sinza: Mwalimu, nikiwa na uwezo wa kuchagua rangi tu na si modeli, nichukue ipi?

Jibu: Chukua iliyo karibu zaidi na rangi ya chuma chenyewe. Kwa alumini ni fedha, kwa titani ni kijivu cha asili. Nyeusi na bluu iliyokolea hupendeza dukani, lakini kila kovu lake huonekana kutoka mbali.

Mwanachama wa Temeke: Naweza kutambuaje simu iliyobadilishwa kasha lote na kuuzwa kama haijatumika sana?

Jibu: Mulika ndani ya tundu la chaji na kwenye matundu ya spika. Fremu ya kiwandani ina rangi iliyo sawa hadi kwenye ukingo wa tundu, wakati kasha la bei rahisi mara nyingi limepakwa rangi ya kawaida, ambayo hurundikana kwenye pembe na huonekana nene. Linganisha pia rangi ya vitufe na ya fremu chini ya mwanga wa jua, nje ya duka, kwa sababu taa nyeupe za dukani huficha tofauti hiyo.